"Wale si Wayahudi wa kweli"

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja kasoro jioni, kwenye kijiwe cha bodaboda mjini Mbale, mashariki ya Uganda. Shughuli za kahawa zilizonitoa Bukoba mpaka huko zilikuwa zimekwisha na basi langu lilikuwa la Jumapili. Nikamwambia kijana mmoja anipeleke Nabugoye.

"Kwa Wayahudi?"

"Ndiyo, kwa Wayahudi."

Akawasha pikipiki, kisha akageuza shingo. "Nitakupeleka, dada. Lakini ujue wale si Wayahudi wa kweli. Ni Bagisu kama mimi. Wengine nimesoma nao."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonya mgeni asije akauziwa kitu kisicho chenyewe. Nikaitikia, tukaondoka.

Hii ni wiki ya saba na maneno yake hayajanitoka.

Siyo "Wayahudi". Ni "wa kweli".

## Waligeukia mlango

Sinagogi ya Nabugoye iko juu kilimani. Hii kubwa ya sasa ilifunguliwa mwaka 2016. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mgeni anavyokaa. Wanaume walikuwa na vile vikofia vidogo vya kufuma, wanawake wamejifunga vitambaa, na watoto wakipita huku na huku bila mtu kuwakemea. Zaburi ziliimbwa kwa Kiebrania, zikaendelea kwa Kiganda, zikarudi kwenye Kiebrania, na sikusikia mshono.

Wimbo wa kuikaribisha Sabato ulipofika ubeti wa mwisho, watu wote waligeuka kwa pamoja wakauelekea mlango, wakainama kidogo upande huu na upande huu. Kwao Sabato huingia kama bibi harusi, na bibi harusi hupokewa mlangoni. Mimi sikulijua hilo. Nilichoona ni nyuso zote zimenielekea, na mimi niko kati yao na mlango. Nikasimama bila kujua kwa nini nasimama.

Bibi mmoja aliyekuwa pembeni yangu alinishika mkono akanisogeza kwake. Baada ya ibada tukazungumza. Alikuwa na Kiswahili cha Malaba, kule mpakani na Kenya, cha biashara za ujana wake.

"Mwanangu, wewe ni wa ukoo gani?"

Swali hilo kwetu Bukoba ndilo la kwanza, kabla hata ya jina. Nikamtajia. Naye akanitajia ukoo wa baba yake, ukoo wa Kigisu, na hapo hapo akaongeza: "Na kwa Kiyahudi, binti wa Abrahamu na Sara."

Nikamuuliza aliingia lini.

"Sikuingia. Nilizaliwa humu. Mama yangu alizaliwa humu. Halafu mwaka 2002 wakaja marabi, nikashuka majini ili niwe Myahudi."

"Kabla ya hapo ulikuwa nini?"

Alinyamaza. Nje watoto walikuwa wanafukuzana kwenye giza. Akanipigapiga mkono akaniambia chakula kiko tayari, twende.

## Nilikuwa upande wa yule kijana

Niseme ukweli wangu. Yule kijana wa bodaboda alitamka kitu ambacho nami nilikuwa nacho moyoni tangu shule ya Jumapili. Tulifundishwa Wayahudi ni uzao. Abrahamu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, na mnyororo ukaendelea. Mtu wa Mbale angeingiaje kwenye mnyororo ule? Aingilie kiungo kipi?

Na historia ya Abayudaya, ndivyo wanavyoitwa Wayahudi hawa wa Uganda, haifichi kitu. Semei Kakungulu, mwanzilishi wao, alikuwa jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, akitarajia kupewa ufalme wake mwenyewe. Hakupewa. Akajitenga nao, akapitia dhehebu la Wamalaki, akazama kwenye Biblia ya Kiganda, na kila alipozidi kusoma alizidi kukaa upande wa Agano la Kale. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenyewe wanasimulia kwamba aliambiwa kutahiriwa ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu: basi sisi ni Wayahudi.

Hakudai babu wa siri. Hakusema walitoka Yerusalemu kwa miguu wakapotelea njiani. Aliusoma mkataba akaona unamhusu, akaushika.

Kuna jambo dogo la Mbale ambalo mgeni hawezi kuliona upesi. Pale kila mwanamume ametahiriwa. Wagisu wana imbalu, tohara yao ya jadi, kijana anasimama hadharani, amepakwa unga mwili mzima, na haruhusiwi hata kupepesa jicho. Kwa hiyo kisu chenyewe hakimtofautishi Myahudi na jirani yake. Kinachomtofautisha ni siku. Mtoto wao hutahiriwa siku ya nane, imbalu inamkuta tayari. Kijana yule wa bodaboda alisema "Bagisu kama mimi", na hapo hapo kuna siku moja katika maisha yake, labda siku kubwa kuliko zote, ambayo wale aliosoma nao hawakuwa naye.

Hilo lilinifanya nianze kusoma.

## Wenye damu walikuwa wapi

Kama ni damu, nilijiambia, basi waliothibitishwa na kipimo wangekuwa wamekwisha kupokelewa. Nikawakumbuka Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini. Hawa tangu zamani wanasimulia kwamba baba zao walivuka bahari kutoka kaskazini. Hawali nguruwe, wanatahiri, wanachinja kwa utaratibu wao. Watu wengi waliyachukulia masimulizi yao kuwa hadithi tu, mpaka wanasayansi walipopima nasaba ya upande wa baba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wa ukoo wa Buba waliopimwa walikuwa na alama ile ile inayopatikana kwa wingi kwa makohani, wale Wayahudi wanaohesabu nasaba yao mpaka kwa Haruni.

Damu imepatikana. Na Walemba wako wapi leo? Wengi wao ni Wakristo, na Israel haiwahesabu kuwa Wayahudi.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Wana alama ya baba na hawatambuliwi. Wale wa Nabugoye hawana alama, wana Sabato, nao wanaambiwa si wa kweli. Nikahamia upande wa pili: basi ni dini. Ushike Torati uwe Myahudi, usishike usiwe.

Upande huo nao sikukaa sana.

## Padre wa Haifa

Oswald Rufeisen alizaliwa Poland mwaka 1922, mtoto wa Kiyahudi wa baba na mama. Wakati wa vita alijifanya si Myahudi akapata kazi ya ukalimani kwenye polisi ya mji wa Mir, chini ya Wajerumani. Aliposikia siku ya kuwaua Wayahudi wa pale imepangwa, akawapenyezea habari, na mamia wakatoroka kuingia msituni. Yeye mwenyewe akakimbia, watawa wakamficha, na huko mafichoni akabatizwa. Baada ya vita akawa mtawa wa Karmeli, kisha padre, akajulikana kwa jina la Ndugu Daniel.

Mwaka 1959 akahamia kwenye monasteri ya Karmeli huko Haifa. Akaomba uraia kwa Sheria ya Kurudi, ile ya mwaka 1950 inayompa kila Myahudi haki ya kwenda Israel. Alisema: dini yangu ni Ukristo, taifa langu ni Uyahudi. Wakamkatalia, akaenda Mahakama ya Juu.

Mwaka 1962 mahakama ikamnyima, na mpaka leo sijaacha kushangazwa na jinsi ilivyofikia uamuzi huo. Majaji walikubali kwamba kwa sheria ya dini ya Kiyahudi mtu huyu bado ni Myahudi. Amezaliwa na mama Myahudi, imekwisha, hata akitenda dhambi ni Israeli. Lakini Sheria ya Kurudi, wakasema, ni sheria ya nchi, na neno "Myahudi" ndani yake lisomwe kama watu wa kawaida wanavyolielewa. Na watu wa kawaida hawamwiti padre Myahudi.

Rudia polepole.

Sheria ya dini ilisema damu. Sheria ya serikali ilisema dini.

Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje. Nilikuwa nimeuliza swali lenye majibu mawili, na kila jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Tena mizani haiko sawa. Mwaka 2013 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wayahudi wa Marekani, na 62 kwa mia wakasema Uyahudi kwao ni hasa nasaba na utamaduni, 15 tu wakasema ni hasa dini. Wapo wasiomwamini Mungu hata kidogo, na hakuna rabi anayewafuta. Kwa hiyo unaweza kutoamini chochote ukabaki ndani, ila ukiamini kitu kingine unaonekana umetoka. Sisi tunao msemo, mwacha asili ni mtumwa. Rufeisen alikataa kata kata kwamba ameiacha asili yake. Aliishi Israel mpaka kufa kwake mwaka 1998, raia kwa njia ya kuomba kama mgeni yeyote.

## Tumbo la mama

Mwaka 1970 Israel ikaandika maana ya Myahudi kwenye sheria yenyewe: aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia Uyahudi, naye asiwe mfuasi wa dini nyingine. Pande zote mbili zimeshonwa kwenye sentensi moja. Papo hapo haki ya kuhamia ikapanuliwa mpaka kwa wajukuu, hata kama mjukuu mwenyewe si Myahudi kwa sheria ya dini. Wengi huliona hilo kama jibu kwa Wanazi, ambao mwaka 1935 walihesabu mababu: mwenye watatu au wanne Wayahudi ni Myahudi, hata kama yeye mwenyewe amebatizwa. Wenye kuabudu damu kuliko wote! Lakini walipotaka kujua kama babu fulani ni Myahudi, hawakuwa na kipimo cha damu. Walitazama kama babu huyo aliandikishwa kwenye jumuiya ya dini ya Kiyahudi.

Nami ninayetoka kwa watu wanaohesabu ukoo kwa baba, sharti la mama lilinishangaza. Biblia niliyolelewa nayo inahesabu kwa baba. Yusufu alioa Mmisri, Musa alioa Mmidiani, na watoto wao hakuna aliyewauliza. Sharti la mama limeandikwa baadaye, kwenye mafundisho ya marabi, Mishna, yapata mwaka 200 wa zama zetu. Na mwaka 1983 marabi wa mkondo wa Mageuzi huko Marekani wakaamua kwamba hata baba peke yake anatosha, mradi mtoto alelewe Kiyahudi. Wa Kiorthodoksi hawakukubali. Kwa hiyo hata hiyo damu tunayoisema kana kwamba ni mto unaojipitia wenyewe, kuna watu waliokaa chini wakaamua ipite wapi.

## Tone

Mwanamume anayeingia Uyahudi akiwa amekwisha kutahiriwa hatahiriwi tena. Hutobolewa kidogo, likatoka tone moja la damu mbele ya mashahidi. Halafu anazama majini.

Tone moja. Sijui ni mara ngapi nimeliwaza. Hapo hapo mlangoni mwa dini inadaiwa damu, kidogo kiasi cha kichwa cha kiberiti.

Na ukitoka majini hupewi dini peke yake, unapewa wazazi. Jina lako la kuitiwa kwenye usomaji wa Torati linakuwa mwana wa Abrahamu, au binti wa Abrahamu na Sara. Karne ya 12 mtu mmoja aliyeitwa Obadia, aliyeingia Uyahudi, alimwandikia Maimonides akiuliza kama anaruhusiwa kusema kwenye sala "Mungu wa baba zetu", maana baba zake hawakuwa Wayahudi. Maimonides akamjibu aseme vile vile kama wengine, asibadilishe neno, kwa sababu Abrahamu ni baba wa kila anayeifuata njia yake.

Nilipofika hapo ndipo yule bibi wa Nabugoye alinijia na ile sentensi yake moja yenye koo mbili. Sikuwa nimemsikia. Nilidhani ananitajia ukoo wake halafu ananitajia dini yake. Alikuwa ananitajia ukoo mara mbili.

Hata Ruthu, Mmoabi, alisema kwa mpangilio huo: watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu. Watu kwanza. Mimi nilikuwa nimeshausoma mstari ule kwenye harusi zisizohesabika bila kuona nini kimetangulia.

Basi nasema ninavyoamini sasa. Uyahudi ni ukoo, na ukoo huo una mlango, na mlango huo ni dini. Aliyezaliwa ndani si lazima apite mlangoni. Aliyepita mlangoni si mpangaji wa chumba cha uani. Amekuwa mtoto wa nyumba, ana babu, ana bibi, ana matanga ya kulia na mirathi ya kudai.

## Nani ameshika ufunguo

Linaloniuma ni mlango wenyewe.

Wayahudi wa Ethiopia walishika Sabato kwa karne nyingi. Mwaka 1973 Rabi Mkuu Ovadia Yosef akatangaza kwamba ni Wayahudi, wa kabila la Dani. Wakaletwa kwa ndege, wengine miaka ya 1984 na 1985, wengine Mei 1991, watu zaidi ya 14,000 ndani ya siku moja na nusu. Lakini walipofika waliambiwa wazame majini kwanza ili ndoa zao zikubalike, kuondoa shaka. Mwaka 1985 wakakaa barabarani Yerusalemu mbele ya ofisi ya Rabi Mkuu karibu mwezi mzima. Mtu ametembea jangwani Sudan, amezika watoto njiani kwa sababu ni Myahudi, anafika anaambiwa aoge awe Myahudi. Naelewa hoja ya marabi, hawakutaka mtu yeyote abaki na shaka juu ya kichwa cha mtoto wake. Naielewa na bado inanichoma.

Nabugoye walikubali maji. Mwaka 2002 mamia walizama mbele ya marabi wa mkondo wa Kihafidhina. Gershom Sizomu akaenda kusoma Los Angeles, mwaka 2008 akawekwa kuwa rabi. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi, lile linalowasaidia Wayahudi kuhamia Israel, likaitambua jumuiya. Lakini anayegonga muhuri kwenye pasipoti ni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel. Desemba 2017 kijana wa Kikenya aliyeingia Uyahudi huko huko Uganda alitua na viza mkononi kwenda kusoma, akazuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa. Mwaka uliofuata ombi la Myahudi mmoja wa Uganda la kuhamia likakataliwa. Na huko huko karibu na Mbale, watu wa kijiji cha Putti walijitenga wakitaka njia ya Kiorthodoksi, kwa hiyo hata wao kwa wao wamewahi kuulizana ni nani aliyepita mlango ulio sahihi.

Sina jibu la nani ashike ufunguo. Kila ukoo una haki ya kumjua mtoto wake, na watu waliowindwa kiasi kile wana sababu ya kuwa waangalifu. Ila bibi aliyesali kwa kunong'ona miaka ya Idi Amin, wakati dini yao ilipigwa marufuku na jumuiya ikapungua mpaka watu wapatao 300, anadaiwa ushahidi gani zaidi? Angeweza kuondoka. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kila siku, na nje palikuwa na usalama.

## Simu kwa mjomba

Abayudaya wanasimulia kwamba utawala wa Amin ulianguka usiku wa Pasaka. Nilitazama kalenda, na ni kweli: mwaka 1979 Pasaka ya Kiyahudi iliingia jioni ya Aprili 11, na Kampala ilianguka Aprili 10 na 11.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa askari wa Tanzania walioingia Kampala. Wiki iliyopita nikampigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona usiku?"

Nikamuuliza anakumbuka nini cha jioni ile. Akasema mvua, na miguu. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimefunguka tangu Masaka, alikuwa amekifunga kwa waya. Mwanamke mmoja aliwatolea ndizi zilizopikwa, hakula chochote kitamu kama kile tena.

Nikamweleza kwamba jioni ile ile, huko Mbale, kulikuwa na watu waliokuwa na sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, nao hawakuruhusiwa kuifanya.

"Wayahudi? Uganda?"

"Wayahudi, mjomba. Wa Mbale."

Akakaa kimya, nikasikia redio nyuma yake.

"Waliifanya?"

Nikamwambia sijamuuliza yule bibi.

"Muulize," akasema. "Halafu unipigie."